Ufunguo wa Simu Uko kwa Nani

Simu ya mezani ya zamani, ile nyeusi na nzito yenye duara la matundu kumi, ilikuwa na mwenzake mdogo ambaye vijana wa leo hawamjui: kikufuli kisichozidi ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Kilipitishwa kwenye tundu la namba kikabana duara lisizunguke, na ufunguo wake ukaingia mfukoni mwa mkubwa wa ofisi. Simu ilibaki pale mezani, ikilia na kupokewa kama kawaida, ila kupiga haikuweza. Waliozoea kuidadisi mashine ile waligundua kwamba duara halikuwa na kazi nyingine isipokuwa kukata mkondo wa umeme kwa harakaharaka, mara tatu kwa namba tatu, mara kumi kwa sifuri. Basi mwenye subira na mkono mwepesi aligonga kitufe cha kukatia simu kwa hesabu ileile, tarakimu baada ya tarakimu, na simu ikaita ng'ambo ya pili huku kikufuli kimefungwa vilevile. Nimekianza na kikufuli hiki kisa cha simu na kompyuta katika nchi zetu kwa sababu kinaonyesha kwa ufupi jambo lililodumu zaidi ya miaka mia: chombo cha mawasiliano hakikuhesabiwa kuwa mali kamili ya anayekitumia. Kilihesabiwa kuwa kitu alichoruhusiwa kukishika, na ruhusa ina mwenyewe. Enzi zimepita na makufuli yamebadilika. Nadai kwamba kila mara ufunguo ulipolegezwa mikononi mwa wachache, maafa yaliyotabiriwa hayakutokea na faida ikawa kubwa kuliko alivyotarajia yeyote. Na nadai pia kwamba makufuli ya miaka hii, tofauti na kile cha shaba, hayana kitufe cha kugonga.

Simu haikuletwa kwetu kwa ajili ya mtu binafsi. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, enzi za Sultani Barghash, na waliouhitaji walikuwa wafanyabiashara wakubwa, mabalozi na wanamaji. Serikali za kikoloni zilizofuata zilitandaza nyaya kufuata reli, boma na mashamba makubwa. Waingereza walikuja pia na desturi ya kwao, kwani hata Uingereza mteja hakumiliki chombo cha simu kilichokuwa sebuleni kwake. Alikikodi kutoka idara ya posta, na utaratibu huo ulianza kuvunjwa kisheria mwaka 1981 tu. Shirika lililohudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja liliurithi utaratibu huohuo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mashirika ya posta na simu ya kila nchi yaliuendeleza. Waya ulikuwa wa shirika, namba ya shirika, na kile chombo chenyewe pia. Mwananchi alijaza fomu akasubiri, na kusubiri kwenyewe kulihesabiwa kwa miaka. Tanzania iliingia miaka ya 1990 ikiwa na chini ya simu moja kwa kila watu mia.

Kwenye kompyuta, kufuli lilikuwa zito zaidi, na hapa inafaa kusimama kidogo, maana tukio lenyewe limesahaulika kwa namna isiyostahili. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza, aina ya ICT 1500, na kabla ya muongo huo kwisha ikafuatwa na mashine kubwa zaidi za mfululizo wa 1900. Zilikuwa mashine za kujaza chumba. Hazina ilijaribu kuhamishia humo hesabu za serikali, na jaribio likashindwa: kazi iliwategemea wataalamu wa kigeni, wenyeji waliofundwa walikuwa wachache, hesabu zikavurugika, na serikali ikalazimika kurudi kwenye njia za zamani. Mwaka 1974 ikatoka amri ya kupiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, pamoja na runinga, isipokuwa kwa kibali. Tangu hapo anayetaka kompyuta, awe chuo, kiwanda au mtu binafsi, alipaswa kwanza kuiridhisha serikali kwamba anaihitaji.

Kuna utetezi wa haki kwa waliotoa amri ile, na sipendi kuupita kimya. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mno tangu vita vya Mashariki ya Kati vya mwaka 1973, ukame ulikuwa umeharibu mazao, na fedha za kigeni zilitakiwa kununua nafaka. Nchi iliyokuwa ikihesabu dola moja moja ilikuwa na kila sababu ya kuuliza kwa nini itumie nyingi kwa mashine ambayo wenyewe hawawezi kuitengeneza ikiharibika. Swali lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika ukubwa wa jibu. Serikali ilishindwa na mradi mmoja, wake yenyewe, ndani ya wizara yake, kisha ikazuia aina nzima ya chombo kwa kila mtu, hata kwa yule ambaye angenunua kwa fedha yake na kubeba hasara yake mwenyewe. Tena amri iliandikwa mtu akiwaza mashine za kujaza chumba. Miaka mitatu tu baadaye, Apple II ilianza kuuzwa Marekani. Mwaka 1981 ikaja kompyuta ndogo ya IBM. Kompyuta ilikuwa imegeuka kitu cha kuwekwa juu ya meza ya mwalimu au ya karani wa chama cha ushirika, na amri iliyokusudiwa kuzuia mitambo ya Hazina ikamnasa mwalimu na karani. Hiki ndicho kipengele ninachokiona kikijirudia katika historia yote hii: katazo hutungwa kwa ajili ya hatari inayojulikana leo, likabaki mlangoni kuzuia manufaa ambayo mtungaji hakuyaona, kwa sababu hakuna aliyepewa haki ya kumwambia kwamba mambo yamebadilika.

Wakati bara ilikuwa imefungiwa runinga, Zanzibar, iliyo ndani ya jamhuri hiyohiyo, ilikuwa na kituo cha runinga ya rangi tangu 1973. Bara ilisubiri hadi 1994. Miaka ishirini hiyo haikuthibitisha kwamba mkaazi wa Michenzani aliharibika kwa kutazama picha, wala kwamba mkaazi wa Magomeni aliokoka kwa kutozitazama. Marufuku ya kompyuta nayo haikufutwa kwa siku moja ya hadhara. Ililegea miaka ya 1980, hasa baada ya mwaka 1984, watu waliporuhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilipotoka mwaka 2003, serikali ileile ilikuwa sasa inahimiza kompyuta zisambae. Hakuna aliyewauliza wale waliokosa kujifunza kazi ile katika miaka yao ya ujana.

Atakayesema haya ni matatizo ya nchi maskini na mashirika ya umma atazame Marekani, ambako kufuli lilishikwa na kampuni binafsi. Kampuni ya AT&T ilimiliki nyaya na vyombo, na masharti yake yalikataza mteja kuunganisha kwenye simu kitu chochote kisichotoka kwake. Ilifika hadi kupinga kikombe kiitwacho Hush-A-Phone, kifaa kidogo cha kuvika kwenye mdomo wa simu ili mtu asisikike na wenzake ofisini. Hakikuwa na waya wala umeme. Mahakama ya rufaa ilikihalalisha mwaka 1956. Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ikaamua kesi ya Carterfone, chombo cha mfanyabiashara wa Texas kilichowezesha mtu mwenye redio ya upepo kuzungumza na mtu aliye kwenye simu ya kawaida. Kampuni ilionya kwamba vyombo vya watu baki vitauharibu mtandao wote. Tume ilisema mteja ana haki ya kuunganisha chombo chake maadamu hakidhuru mtandao, na ikaona kwamba haikuthibitishwa vya kutosha kuwa katazo lile linahitajika. Mtandao haukuharibika. Mlango huo ndio waliopitia watengenezaji huru wa mashine za faksi, za kupokea ujumbe na modemu, na modemu ndiyo iliyokuja kuwaunganisha watu wa kawaida na intaneti kwa waya wa simu. Kenya, mwaka 1995, shirika la posta na simu bado lilikuwa likitangaza kwamba huduma ya intaneti ni matumizi yasiyoruhusiwa ya mtandao wake. Miaka michache baadaye shirika hilohilo lilikuwa likijenga njia yake ya intaneti.

Sasa tuje kwenye wakati ambapo ufunguo ulilegezwa kweli. Tanzania iligawa shirika la posta na simu kwa sheria za mwaka 1993, na mwaka 1994 Mobitel ikaanza kutoa huduma ya simu ya mkononi. Zikafuata nyingine, Zantel mwaka 1999, Vodacom mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Kenya iligawa shirika lake mwaka 1999, na Safaricom na KenCell zikaanza kushindania wateja mwaka 2000. Wanahistoria wa uchumi wakieleza mapinduzi haya husifu ushindani wa makampuni, na wana haki. Lakini naamini wanapita juu ya kitu kilichokuwa na nguvu kuliko ushindani wenyewe, nacho ni kile kipande cha plastiki chenye ukubwa wa ukucha. Mfumo wa simu za mkononi uitwao GSM ulitenganisha laini na simu. Laini ni ya kampuni. Simu ni yako. Kwa mara ya kwanza tangu waya wa Aden, mtu aliweza kununua chombo popote, kwa yeyote, kipya au mtumba, akatia humo laini ya kampuni aipendayo, na kesho akaitoa akatia nyingine. Hakujaza fomu ya kuomba chombo wala kungojea fundi wa shirika aje na ngazi.

Kilichofuata kinaonekana ukikaa mbele ya meza ya fundi simu pale Kariakoo. Juu ya meza kuna taa, bisibisi ndogo kama sindano, chuma cha kulehemu, brashi ya meno iliyochovywa kwenye spiriti, na kopo lililojaa vioo, spika, betri na vitufe vilivyong'olewa kwenye simu zilizokufa. Fundi anafungua simu iliyoingia maji, anaisugua, anaipuliza, anaipima, na baada ya nusu saa mwenye simu anaondoka nayo. Akiletewa simu iliyofungwa isikubali laini ila ya kampuni moja, ataiflashi ikubali zote. Mafundi wengi wa namna hii hawakupita chuo. Walijifunza wakiwa wamekaa pembeni ya fundi mwingine. Elimu hii ya vifaa vya elektroniki, ambayo amri ya 1974 iliona haiwezekani kuwapo bila wataalamu wa kigeni, ilijengwa mtaani kwa sababu moja: chombo kilikuwa cha mtu, na mwenye chombo alikuwa na uhuru wa kukifungua. Juu ya msingi huohuo ndiyo ikajengwa huduma ya pesa kwa simu, M-Pesa ya Kenya mwaka 2007 na ya Tanzania mwaka uliofuata. Isingekuwa simu za bei ndogo zilizozagaa hadi kijijini, zikitengenezwa na kutumika tena, huduma hiyo ingekuwa ya wenye ofisi peke yao.

Lakini uhuru huo haukukaa muda mrefu bila kuwekewa mipaka mipya. Usajili wa laini ulianza Tanzania mwaka 2009, na mwaka 2010 ukatiwa nguvu na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Kenya nayo ilianza usajili mwaka huo. Sababu iliyotolewa ni uhalifu, na uhalifu upo. Kila mwenye simu amepata ujumbe wa tapeli akimtaka atume hela kwenye namba nyingine, na wapo waliopoteza ada ya shule ya mtoto kwa njia hiyo. Anayepinga usajili bila kuwakumbuka hawa hasemi haki. Hata hivyo ushahidi uko mbele ya macho yetu sote: laini zilisajiliwa kwa jina na picha, kisha zikasajiliwa upya kwa alama za vidole, na ujumbe ule unaendelea kuingia. Tapeli hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, mara nyingi mtu asiyejua kwamba alama ya kidole chake ilichukuliwa mara mbili. Usajili humtambua vizuri zaidi yule asiyejificha.

Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019 kwa sharti la namba ya kitambulisho cha taifa. Laini za simu wakati huo zilizidi milioni 40, na vitambulisho havikuwa vimewafikia watu wote. Foleni zilikuwa ndefu. Mkulima na fundi mwashi, ambao jembe na saruji vimewafuta mistari ya vidole, waliwekelea kidole kwenye kimashine cha wakala mara tano, mara sita, na mashine ikakataa. Mwisho uliwekwa Desemba 31, na Rais Magufuli, aliposajili laini yake mwenyewe Chato, aliongeza siku ishirini hadi Januari 20, 2020. Baada ya hapo laini zikaanza kuzimwa. Kuongeza siku zile kulikuwa jambo jema, lakini kunaonyesha pia namna mambo yalivyo: nafuu ilitoka kwa hisani ya mkubwa mmoja. Hapakuwa na kifungu ambacho mtu aliyekwisha omba kitambulisho na kusubiri miezi angeweza kukishika na kusema, mimi nimetimiza wajibu wangu, aliyechelewa ni ofisi, kwa hiyo laini yangu isizimwe. Na kwa watu wengi laini ndiyo pochi. Kuizima ni kuondoa njia ya kuuza nyanya, kulipa maji na kumpelekea mama hela ya dawa.

Baada ya laini ikaguswa simu yenyewe. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, baada ya kuahirisha zaidi ya mara moja, na simu zaidi ya milioni moja zikanyamaza. Tanzania ilizindua mwaka 2015 Mfumo Rajisi wa namba tambulishi za vifaa vya mawasiliano, na usiku wa Juni 16, 2016 ikazima za kwake. Wananchi waliambiwa wabonyeze *#06#, waone tarakimu 15 za simu yao, kisha wazitume kwa ujumbe kwenda 15090 wajue kama simu ni halisi. Nyingi zilizozimwa zilikuwa simu za Kichina tulizozizoea: laini mbili, tochi, spika ya kusikika nyumba ya tatu, betri ya kukaa siku kadhaa, na namba tambulishi iliyonakiliwa kutoka simu nyingine. Mamlaka zilieleza kwamba simu hizi haziwezi kufuatiliwa zikiibwa, kwamba hazina ubora, na kwamba zinawaibia watengenezaji halali. Hoja ya kwanza na ya tatu nazikubali. Ninachokataa ni ngazi ambayo adhabu iliangukia. Simu ilipita bandarini, ikalipiwa ushuru au ikakwepeshwa, ikauzwa kwa jumla, ikauzwa kwa rejareja juu ya meza ya wazi, na wote hao walikuwa na uwezo wa kujua kuliko mnunuzi wa Nachingwea aliyeuza gunia la korosho ili ainunue. Aliyezimiwa ni yeye. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 24, inalinda mali ya mtu isitwaliwe bila sheria yenye fidia inayostahili, na ibara ya 16 inalinda mawasiliano yake binafsi. Simu ilizimwa bila kutwaliwa, ikabaki mfukoni mwa mwenyewe. Labda kwa sababu hiyo watu hawakuiona kuwa mali iliyochukuliwa. Lakini simu isiyoweza kupiga ni ile yenye kikufuli cha shaba, na safari hii mwenyewe hakulipwa hata bei ya chuma chakavu.

Kenya jambo hili lilifika mahakamani, na kwa hilo majirani wanastahili sifa. Mwaka 2017 mamlaka ya mawasiliano ilitaka kufunga kwenye mitandao ya makampuni mfumo wa kutambua vifaa, ikisema unalenga simu bandia. Mwanaharakati Okiya Omtatah alipinga, kwa hofu kwamba mfumo huo ungeweza pia kuona taarifa za mazungumzo ya watu. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 2018, ikisema haki ya faragha ilitishiwa na wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ikatengua mwaka 2020, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikakataa rufaa iliyoletwa na chama cha wanasheria. Hata aliyeshindwa pale alishinda kitu: kwa miaka sita mamlaka ililazimika kueleza hadharani mfumo wake unafanya nini na haufanyi nini. Tanzania mfumo rajisi ulizinduliwa, ukatangazwa redioni, ukaanza kazi.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu kuliko yote, nalo huletwa na watu wanaowajali maskini kwa dhati. Wanasema haki juu ya vifaa ni mjadala wa walioshiba; mwanakijiji anataka simu, hana haja ya falsafa ya umiliki. Wanaelekeza kwenye simu za mkopo. Mwaka 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google, ilianza kukopesha simu za kisasa kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku baada ya malipo kidogo ya kuanzia, na kampuni nyingine zinafanya biashara kama hiyo katika nchi zetu. Mtu ambaye asingeweza kulipa bei nzima anaishika simu ya kisasa leo. Dhamana ni simu yenyewe: asipolipa, programu iliyofichwa ndani yake inaifunga kutoka mbali, na akilipa inaifungua. Wanauliza, kuna ubaya gani? Mkataba ameusaini mwenyewe.

Ubaya hauko kwenye mkopo. Mkopo ni mzuri na natamani uenee. Shida ni kwamba tumemrudisha mwananchi kwenye simu ya kukodi ya shirika la posta, tofauti ikiwa kwamba zamani ili kukunyang'anya simu ilibidi mtu aje nyumbani kwako, abishe hodi, akuone, akusikie una mgonjwa au umechelewa mshahara. Ule usumbufu wa kuja ulikuwa kinga. Mwenye duka anayedai baiskeli yake lazima apite mbele ya majirani, kwa mjumbe, hata baraza la kata, na kote huko mdaiwa anapata nafasi ya kusema neno. Kufuli la kutoka mbali limeondoa njia yote hiyo. Halibishi hodi. Mwanakijiji huyo anayedhaniwa hana haja ya haki ndiye aliye na simu moja tu nyumbani, hana ya pili ya kumpigia mtoa huduma kulalamika kwamba alilipa jana na malipo hayajasoma. Mwenye simu tatu na wakili anaweza kuishi bila ulinzi wa sheria kwenye kifaa chake; yeye hawezi. Ndiyo maana naiona haki hii kuwa ya maskini kwanza.

Wala sidai kwamba makufuli yote yavunjwe. Simu iliyoibwa na izimwe, tena haraka. Anayekopa alipe. Ninachodai kinaweza kuandikwa kwenye kanuni za kurasa chache: kabla simu au laini haijazimwa, mwenyewe apewe taarifa kwa Kiswahili kinachoeleweka, yenye sababu na siku zilizobaki, awe na mahali pa kupinga kwenye wilaya yake, asilazimike kusafiri hadi makao makuu, hela iliyo kwenye laini iweze kutolewa hata laini ikifungwa, na aliyemaliza deni lake, ile programu ya kufungia ifutwe kabisa, isibaki ndani imelala. Anayefunga ndiye athibitishe, kama kesi ya Carterfone inavyotufundisha. Tanzania tayari ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika mwaka 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Zote zinahusu taarifa za mtu, zikiwemo zilizomo ndani ya simu. Kifaa chenyewe, kile ambacho mtu amekishika mkononi, hakijapata katika sheria hizo hata kifungu kimoja kinachosema ni nani mwenye ruhusa ya kukizima, na kwa utaratibu gani.